Grupu Lisilo na Salamu

Grupu letu lilikuwa na amri nne: hakuna salamu, hakuna pole, hakuna dua, hakuna asante. Mwenye kuhitaji anaandika kundi la damu, wodi na saa. Mwenye damu hiyo anaandika "Naja", halafu anakuja. Mengine yote mkayasemee kwenu.

Amri hizo nilizitunga mimi, na waliozivunja niliwatoa mimi. Mama mkwe wangu mwenyewe nilimtoa mwezi mzima kwa kuandika "Mungu awatangulie". Alininunia wiki mbili, na sisemi uongo, wiki hizo mbili nilipumzika. Watu walituita grupu la mabubu. Jina tulilolichagua sisi ni Damu Tu.

Sababu ninayo. Binti yangu wa pili ana ugonjwa wa seli mundu, na damu yake ni O hasi, ambayo kwetu ukipanga watu mia hupati hata watano wenye nayo. Nyumbani tunamwita Hakimu, maana tangu ajue kusema hakuna ugomvi wa ndugu zake uliokwisha bila yeye kutoa hukumu. Ana miaka kumi na mmoja. Mara mbili au tatu kwa mwaka macho yake huwa ya manjano, midomo inapauka, anaanza kuhema kama aliyepanda ngazi, na hapo huna siku mbili za kufikiri. Anaongezewa damu au unampoteza.

Hospitali ya kata yetu ina maabara, na kwenye maabara hiyo nimo mimi, mwenye stashahada na miaka kumi na minne ya kuchoma watu sindano. Tuna darubini mbili, mashine ya kuzungushia damu na jokofu dogo la dawa za vipimo. Jokofu la kuhifadhia damu hatuna. Kwa hiyo damu yetu sisi imehifadhiwa mahali pamoja tu, ndani ya watu, na watu wana miguu. Wanakwenda kazini, wanakwenda sokoni, wanasafiri. Ndiyo maana nikaanzisha grupu.

Kila aliyejiunga alinipa simu yake mkononi. Sikumkubalia mtu aliyesema "nitaweka mwenyewe, dada". Nilimwekea mlio wa grupu hilo peke yake, kengele ya baiskeli, nikamwambia: simu yako izime kwa mambo yote ya dunia, hii usiizime. Mimi mwenyewe simu yangu huwa kimya mchana kutwa. Anayenipigia akanikosa atanipigia tena. Kengele tu ndiyo iliyoruhusiwa kulia.

Kwa miaka sita tulifika watu mia nne na kumi na wawili. Wiki nyingine kengele ililia mara moja, nyingine haikulia kabisa. Ikilia sokoni, ililia kwenye meza tatu nne kwa mpigo, na hata wasiokuwa wanachama walinyamaza, muuzaji akaacha mizani inaning'inia, mpaka mmoja aseme, "Si mimi, wanataka A," ndipo watu wapumue. Wenye O hasi walikuwa tisa. Nawajua kama ninavyowajua wanangu, na mmoja wao ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyemtolea Hakimu damu mara tatu bila kungoja kubembelezwa.

Shemeji huyu ana duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu habari za siasa watu huzisikiliza wakimtafuta mwizi, na hapa mwizi hayupo. Alichoka kuona barabara ya hospitali inapitika nusu ya mwaka, akaamua kugombea udiwani.

Alikuja kwetu Jumatano moja jioni, yeye na dada aliyekuwa akimwendeshea kampeni ya mitandaoni. Dada huyo tulimwita Bando, maana kabla hajakaa kwenye kiti alishauliza nani amrushie intaneti. Mimi nilikuwa napiga pasi sare za shule. Mume wangu, ambaye ni seremala, alikaa pembeni akipiga msasa mguu wa stuli.

Bando hakuzunguka, na hilo nililipenda. Alieleza kwamba alikuwa ndani ya magrupu themanini: ya wazazi, ya waendesha pikipiki, ya vikoba, ya watu waliosoma pamoja. Akituma ujumbe kwa watu elfu moja, wanaoufungua ni arobaini, na kati ya hao thelathini walitaka tu kujua nani amekufa.

"Lenu ni watu mia nne na kumi na wawili," akasema, "na wote wanafungua. Wote, dada. Ndani ya dakika tano. Unajua hicho ni kitu gani? Hata redio haina hicho."

"Nakijua," nikasema. "Ndiyo maana hakuna anayekigusa."

Shemeji akacheka, akamwambia Bando si nilikwambia, huyu alimtoa mama yetu. Kisha akaacha kucheka. Akasema hakutaka kuomba kura humo. Alitaka kusema jambo moja tu: kwamba akipita, kitu cha kwanza atakachokipigania kwenye baraza ni jokofu la damu. Na wa kulisikia hilo ni nani, kama si watu wa Damu Tu?

Niliisimamisha pasi. Nimeandika barua nne kuomba jokofu hilo, na majibu yote manne nimeyahifadhi, yanafanana kama mapacha. Nilikuwa na picha moja kichwani ambayo sikuwahi kumwambia mtu: mfuko mmoja wa O hasi umelala kwenye baridi, una lebo, unamngoja mwanangu. Mtu asitafutwe. Kengele isilie.

"Ujumbe mmoja," nikasema. "Mara moja. Jokofu, si kingine."

Mume wangu akasema bila kuinua macho, "Ukimruhusu mbuzi achungulie tu jikoni, usiulize baadaye nani amekula unga."

Nikamwambia apige msasa stuli yake. Nikachukua simu nikamwingiza Bando kwenye grupu.

Ujumbe ulitoka Jumamosi saa nane mchana. Nilikuwa zamu. Nilisikia kengele mfukoni mwangu, na nyingine kwa mwenzangu wa maabara, na nyingine nje kwenye benchi la wagonjwa. Nilitoa simu nikaona picha ya shemeji amevaa suti, amekunja mikono kifuani, na chini yake maneno ya jokofu, na chini ya maneno ya jokofu jina la chama na alama ya kupigia kura. Juu ya hivyo viwili vya mwisho hatukukubaliana.

Sijamaliza kusoma, Fundi Saa akaingia mbio. Huyu ni mmoja wa wale tisa, kibanda chake kiko nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa na kioo chake cha kukuzia bado kimebana jichoni, na mkono wa kushoto wa shati ameshaukunja hadi begani.

"Hakimu?" akauliza.

Nikamwambia Hakimu yuko nyumbani, mzima. Akakitoa kile kioo, akachukua simu yake mfukoni, akasoma. Alisoma polepole, kama anavyotazama saa kabla ya kuifungua. Halafu akaushusha mkono wa shati na kufunga kifungo.

"Nimeacha saa ya mtu imefunguliwa mezani," akasema. "Upepo ukipita, nusu yake siioni tena." Akaondoka. Hakugomba. Nilitamani angegomba.

Waliogomba walikuwa wengine. Kufikia saa kumi kulikuwa na ujumbe mia na thelathini na saba, na kila ujumbe uliliza kengele. Wa chama kile waliuliza tangu lini damu ina chama. Wa chama hiki wakajibu kwamba wanaochukia jokofu wanawachukia wagonjwa. Mmoja akaweka kibonzo. Mwingine akaweka wimbo. Mama mkwe wangu, aliyesubiri siku hiyo kwa miaka mitatu, akaandika dua ndefu kuliko zote. Nilifuta nilichoweza kufuta, nikamtoa Bando, nikaandika amri zetu upya kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimechelewa. Kesho yake kila mtu alipata ujumbe wa kampeni moja kwa moja kwenye simu yake, kutoka namba asiyoijua, na watu si wajinga, walijua namba zao zimechotwa wapi.

Walitoka watu kumi na mmoja, Fundi Saa akiwemo. Walibaki mia nne na mmoja. Nikajipongeza kwamba tumepona. Sikufikiria jambo ambalo mtu wa kazi yangu alipaswa kulifikiria kwanza: mtu akitoka kwenye grupu unaambiwa, lakini mtu akizima sauti yake huambiwi. Jina lake linabaki pale pale kwenye orodha. Anahesabika. Hayupo.

Na mimi nilizima.

Ilikuwa Jumapili mchana. Hakimu aliamka na maumivu ya miguu, nikamkanda kwa maji ya moto mpaka akapata usingizi, na mara tu alipolala kengele ikalia. Nikaruka. Kumbe ni mtu mmoja anamjibu mwenzake juu ya kibonzo cha jana. Baada ya dakika kumi ikalia tena. Hakimu akafumbua macho, akaniuliza ni nani anayeumwa. Niliposhika simu kuizima ikaniuliza nataka kwa masaa manane, wiki moja, au siku zote. Nikagusa wiki moja. Nikajiambia ikifika jioni nitairudisha.

Jioni kulikuwa na sare za kupigwa pasi, Jumatatu kulikuwa na zamu, Jumanne pia. Kazini sikuona upungufu wowote, kwa sababu kimya ndicho kilichokuwa kawaida yetu. Kimya cha watu wanaosikiliza na kimya cha watu waliolala hakina tofauti kwa aliye nje.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Kulikuwa na jua, nikaamua kufua mablanketi. Simu ilikuwa kwenye rafu ya sebuleni. Blanketi ukilifua kwa mikono huna nafasi ya mambo mengine. Unalikanyaga kwenye beseni, unalikamua na mtu wa pili akishika upande wa huko, unalitundika, kamba inashuka, unaipandisha. Nilifua manne. Saa tisa niliingia ndani, nikachukua simu kutazama kama mume wangu amenunua misumari aliyosema atanunua, nikaona.

"B chanya. Wodi ya wazazi. Sasa." Uliandikwa na mwenzangu wa maabara saa tano na dakika kumi. Chini yake, saa tano na nusu: "B chanya. Sasa." Saa sita: "Jamani." Neno hilo kwenye grupu letu lilikuwa halijawahi kuandikwa. Na simu zake kwangu, saba.

Mimi ni B chanya. Kutoka kwangu hadi hospitalini ni mwendo wa dakika kumi na mbili.

Nilikwenda vile vile, na kanga imelowa hadi magotini. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha watoaji damu, kiti ambacho sisi hatukikalii, ameshika fomu. Aliniambia yote bila kunilaumu. Ni mke wa mwashi mmoja wa mtaa wa juu, uzazi wa pili, mtoto alitoka salama, damu ya mama haikusimama. Mumewe alipimwa, akakutwa A, haikufaa. Mama mmoja wa grupu alikuja saa sita na robo, akapimwa, damu yake mwenyewe ikawa ndogo mno, akakataliwa. Wa pili alifika saa saba na dakika tano. Alipoulizwa mbona amechelewa akasema grupu lilikuwa na kelele, alizima, amefungua kwa bahati. Damu yake ilikuwa bado inapimwa pale mezani wakati wodini walipoacha kuihitaji. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Nilikupigia," mwenzangu akasema.

"Nimeona."

Tulichukua mfuko ule wa damu tukauandikia kwamba haukutumika.

Jumamosi yake shemeji alirudi kwetu na Bando. Habari ilikuwa imeenea. Safari hii hakucheka, na wala hakukaa mpaka nilipomwonyesha kiti mara ya pili. Bando ndiye aliyesema. Alisema kwa heshima, na machozi yalikuwa karibu. Naye ana mtoto mdogo. Walitaka nivae koti langu jeupe, nisimame mbele ya mlango wa maabara, niseme kwa sekunde thelathini kwamba hospitali ingekuwa na jokofu la damu, mama yule angekuwa hai. Jina la marehemu wasilitaje. Chama pia wasikitaje. Niseme hilo tu.

"Si uongo, shemeji," akasema shemeji yangu, akitazama sakafu.

Na haukuwa uongo. Mfuko mmoja wa B chanya ungekuwepo, angewekewa ndani ya nusu saa, na leo angekuwa ananyonyesha. Niko tayari kulisema hilo mbele ya yeyote. Nilijua pia kwamba Bando alikuwa sahihi kwa upande wake: video ile ingefungua macho ya watu, na pengine ingemleta mtu wa kututilia saini ambayo barua zangu nne hazikuipata. Kwa hiyo nilichokuwa nakataa ni jokofu la mwanangu mwenyewe. Sikujidanganya juu ya hilo.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," nikamwambia. "Mimi ni B chanya. Siku ile nilikuwa hapa hapa uani nafua. Grupu langu mwenyewe nilikuwa nimelizima."

Bando aliitazama simu yake iliyokuwa mkononi. Nikamwambia kama amerekodi, basi airushe yote, asikate.

Shemeji akamwomba Bando atusubiri nje. Mlango ulipofungwa, alikaa akisuguasugua goti. Nilidhani ataniambia nisimwambie mtu. Badala yake akasema kwamba laini yake, ile iliyo kwenye Damu Tu, ilikuwa mikononi mwa Bando tangu kampeni ianze. Ndiyo laini ambayo watu wote waliijua, kwa hiyo ndiyo waliyoitumia kujibu watu. Yeye alikuwa na simu nyingine.

"Miezi miwili?" nikauliza.

"Karibu miezi miwili."

"Na kengele ikilia?"

"Sijui anafanyaje. Sikuwahi kumuuliza."

Hapo ndipo tulipomwona Hakimu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba na daftari lake kifuani, na kwa uso wake alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Mtoto huyu hana ugomvi asioutolea hukumu. Nilingoja.

"Kwa hiyo wiki hii ningeumwa mimi," akasema, "wangekuja nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza njia ya hesabu asiyoielewa. Mimi nilianza kuhesabu wale tisa kimoyomoyo: mmoja ametoka, mmoja simu yake iko kwa Bando, mmoja yuko masomoni, waliobaki sita sijui kama wanasikia. Nikaona aibu kumpa mtoto jibu la uongo.

"Sijui, mama," nikamwambia.

Akarudi chumbani. Shemeji alitoka nje, na kupitia dirishani nilimwona akinyoosha mkono, na Bando akimpa ile simu, akieleza kitu, akionyesha kitu kwenye kioo. Shemeji hakukitazama. Video haikurekodiwa, si na mimi wala na mtu mwingine.

Uchaguzi ulipita. Alishinda kwa kura chache, na jokofu limeingizwa kwenye bajeti ya mwaka ujao, ambako mambo mengi huingizwa.

Mimi niliomba likizo ya wiki mbili nikazunguka. Nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, nikiwa na orodha. Sikutuma ujumbe wa kuomba radhi, maana nani angeusikia? Nilibisha hodi, nikaeleza kilichotokea, nikamwambia kila mmoja kwamba hata mimi nilizima, kisha nikaomba simu. Wengine walinipa na chai. Wengine waliniambia niondoke na siasa zangu, na nikaondoka. Kati ya simu nilizoshika, zilizokuwa zimezimwa zilizidi mia mbili, na wenyewe wengi walishangaa, hawakukumbuka wamezima lini. Niliwasha moja moja. Niliweka kengele nyingine, mlio tofauti, kwa sababu ule wa baiskeli watu walikuwa wamejifunza kuuchukia.

Fundi Saa hakuinua kichwa nilipofika kibandani kwake. Nilieleza yote nikikiambia kisogo chake. Nilipomaliza, akaisukuma simu yake juu ya meza kwa kidole kimoja.

"Weka," akasema. "Lakini mwambie mheshimiwa diwani kwamba saa yake akaitafutie fundi mwingine."

Wenye O hasi, sasa ninao saba nilio na hakika nao. Mmoja ni diwani. Simu yake anatembea nayo mwenyewe. Nimeipigia mara nyingi bila sababu nyingine, kuhakikisha tu.

Mwashi alikuja maabara siku ya nne baada ya mimi kurudi kazini. Nilikuwa sijawahi kumwona. Ni mtu mrefu, kucha zake zina saruji ambayo haitoki tena. Alisimama mezani kwangu akaniambia kwamba ameelekezwa kwamba mimi ndiye ninayeandikisha watu.

"Siku ile waliniambia mimi ni A," akasema. "Damu yangu haikumfaa mke wangu. Labda itamfaa mke wa mtu mwingine." Akaninyooshea simu.

Sikuipokea. Ningeweza kuipokea, ilikuwa kazi ya dakika moja, na hakuna ambaye angeniuliza. Mwenzangu, aliyekuwa kwenye darubini, aliacha kuzungusha kitufe chake.

"Kabla hujanipa, nikwambie jambo," nikasema. "Mimi ni B chanya. Siku ile nilikuwa nyumbani, dakika kumi na mbili kutoka hapa. Nilikuwa nimezima sauti ya grupu. Niliona wito saa tisa."

Alinitazama. Niliona anahesabu, saa tano na kumi, saa saba na nusu, saa tisa, kama kila mtu anavyohesabu.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafua mablanketi."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo cha ukuta na kukiweka kichwani. Mkono wake na simu ulikuwa bado umenyooka. Aliurudisha. Akazunguka meza yangu, akaenda kwa mwenzangu, akamwambia, "Niwekee wewe." Mwenzangu akaweka. Mwashi akaomba aisikie kengele, akaisikiliza hadi ikaisha, akatoka.

Kwa miezi mitatu hakuandika kitu, kwa sababu hakuna aliyehitaji A. Halafu Jumanne moja saa nne asubuhi wodi ya upasuaji wakaleta fomu, mzee wa watu ameanguka kutoka kwenye paa, nikaandika: "A chanya. Upasuaji. Sasa." Kengele mpya ikalia nje kwenye benchi, na mahali fulani barabarani. Kabla ya dakika moja kulikuwa na "Naja" tatu, na ya kwanza ilikuwa yake.

Alifika na vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Nilikuwa peke yangu. Mwenzangu alikuwa likizo. Aliona hivyo, akasimama mlangoni. Nikamwambia kwamba wengine wawili wako njiani, lakini daktari anataka mifuko mitatu.

Akaingia, akanawa mikono hadi viwikoni bila kuambiwa, akakaa kwenye kiti. Lazima mtoaji damu aulizwe maswali; si hiari yangu. Nikamuuliza kama amekula. Akauambia ukuta kwamba amekula. Nikamuuliza kama anatumia dawa yoyote. Hatumii. Nikamuuliza amelala saa ngapi.

"Mtoto hanipi kulala," akasema. "Anaota meno."

Nilifunga mpira juu ya kiwiko chake, nikautafuta mshipa kwa kidole. Ilikuwa mishipa mizuri, ya mtu wa kubeba mawe. Nilipaka dawa, nikangoja ikauke, nikashika sindano. Alikuwa bado anatazama ukuta.

"Kunja ngumi," nikamwambia.

Akakunja.